Mfumo wangu wa oda ulipakia karibu soda zote za ghala la Mbinga ukazipeleka Lundo

Wakuu, salaam kutoka Mbinga, ambako baridi ya leo imenifanya niandike nikiwa nimejifunga shuka.

Juzi kuna mtu humu aliuliza kama hii mifumo ya kompyuta inafaa kwa biashara za huku mikoani au ni mambo ya Dar tu. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko swali, nikaona nilifungulie uzi wake.

Sina ninachouza. Majina nimebadilisha, mengine yote yametokea na mashahidi bado wanapakia kreti.

Mimi ni dada, ingawa najua humu wote tunaitwa wakuu. Nilisomea kompyuta Mbeya, ajira ikagoma, nikarudi nyumbani nikafungua kibanda cha kutoa kopi na kutengeneza printa karibu na stendi.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa Mama Kapinga. Huyu ni mjane, ana ghala la vinywaji vya jumla: soda, maji, juisi, bia. Anahudumia maduka ya mjini, ya Kigonsera, na ya kule chini ziwani.

Sasa sikieni kazi ilivyokuwa ikifanyika.

Mezani kwa mama kulikuwa na simu tatu, na zote zinaita. Mwenye duka anataja anachotaka, mama anakishika kichwani, halafu anapaza sauti dirishani kwa vijana wa kupakia. (Nasema vijana, lakini baadhi yao wana wajukuu.)

Kabla hajamaliza sentensi, simu ya pili inaita.

Matokeo yake lori liliwahi kufika Lipingo, kule ziwani, na shehena ya bia kwa mwenye duka mlokole aliyeagiza maji ya kunywa. Yule baba alisimama mlangoni mikono kiunoni, isishushwe hata chupa moja. Lori likapandisha milima na bia zake.

Siku moja nikiwa pale natengeneza printa, mama akiwa na simu sikio hili na nyingine sikio lile, nikamwona anateleza taratibu kutoka kwenye kiti. Presha. Tulimkimbiza hospitali.

Wanawe wakaja kutoka Dar na Dodoma, na uamuzi walikuwa wameshaufanya njiani: ghala liuzwe, mama apumzike. Haikupita muda akaja mnunuzi kutoka Songea, akawa anatembea humo ndani akilipima ghala kwa hatua zake, huku akina kaka wa kupakia wanamtazama tu.

Alipoondoka, mama akaniita.

"Mwanangu, si ndiyo mambo uliyosomea haya? Hakuna namna simu hizi zikajijibu zenyewe?"

Nikamwambia, "Namna ipo mama, ila itabidi ubadilishe kazi yote, siyo simu tu."

"Nibadilishe. Mimi kukaa nyumbani kuangalia kuku siwezi."

Akawaomba wanawe wamvumilie mpaka msimu wa kahawa uishe. Wakakubali, kwa shingo upande.

Nilichokitengeneza siyo cha ajabu. Namba ya kila mwenye duka inasajiliwa. Akitaka mzigo anatuma meseji, hata kwa simu ya kitochi: jina fupi la kinywaji na idadi. Mfumo unamjibu, unapunguza kwenye hesabu ya ghala, unapanga oda za njia moja pamoja, na asubuhi unachapisha mzigo wa kila lori. Kinachoingia na kinachotoka ghalani kinapigwa skana.

Hiyo skana ndiyo iliyoleta kizaazaa.

Kiongozi wa wapakiaji anaitwa Kaka Mbele. Mtu mkimya, mabega kama mlango. Tangu nilipoleta ile skana hakuigusa. Asubuhi moja nikakuta wapakiaji wote wamekaa juu ya kreti, hakuna anayefanya kazi.

Mbele akaniambia, "Dada, hatuna ugomvi na wewe. Swali letu ni moja. Tukishakifundisha hiki kidude kazi yetu, sisi mwezi ujao tupo?"

Wakuu, niseme ukweli. Mimi nilikuwa nawaza programu tu. Watu sikuwa nimewawaza. Ningeweza kumwambia "mtakuwepo, msijali", lakini ghala si langu, ningekuwa namdanganya mtu mzima mchana kweupe.

Nikaenda kwa mama, nikamwambia wapakiaji wanauliza hivi, na mimi pia nataka kujua.

Mama akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka mwenyewe kwenda kusimama mbele yao.

"Mmemwona yule wa Songea," akasema. "Nikimuuzia, atakuja na watu wake. Nikibaki, nabaki na ninyi. Sasa hiki kidude kisiponisaidia kubaki, hakuna atakayebaki hapa, mimi wa kwanza. Sitamfukuza mtu kwa sababu ya mashine. Nimesema mbele yenu wote."

Kisha Mbele akaja kwangu akanyoosha mkono.

"Haya, nionyeshe kinavyoshikwa."

Tangu siku hiyo kazi ikaenda. Oda zikawa zinaingia hata mama akiwa misani. Lori likafika na mzigo sahihi, safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaanza kutembea kifua mbele pale mjini. Ndipo kikaja kipaimara.

Kule Lundo, pembeni ya ziwa, kulikuwa na kipaimara, askofu anakuja, na kila nyumba yenye mtoto ina wageni. Kwa hiyo mfumo ulipoonyesha kwamba Mama Anjela, mwenye duka wa Lundo, ameagiza soda nyingi, hakuna aliyeshtuka. Mama alifurahi. Mbele alifurahi. Dereva akasema, "Lundo mwaka huu watakula sikukuu." Tukajaza lori mpaka turubai likagoma kufunika.

Mbele akapanda ili akasimamie kushusha, na mimi nikaomba lifti ili nikawasajili wenye maduka wa kule. Tukashuka milima, tukapita Mbamba Bay, tukaacha lami, tukaanza kula vumbi la pembeni ya ziwa.

Tulipofika, Mama Anjela alitoka dukani, akalitazama lori, akalizunguka mpaka nyuma.

"Hee! Mmehamisha ghala?"

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Ni oda yako hii."

"Marahaba. Oda yangu ni ile ya kwanza tu, mwanangu. Zile nyingine zote nilikuwa nauliza kama mmenisikia!"

Nikamwomba anionyeshe meseji alizotuma.

Kilichotokea ni hiki. Netiweki ya pale ilikuwa inapeleka meseji lakini majibu yetu hayamfikii. Yeye akiona kimya, anatuma tena. Akiona kimya, anapanda kwenye mwamba kule ufukweni, anatuma tena. Mfumo wangu haukuwa na akili ya kuuliza. Kila meseji kwake ilikuwa oda mpya, na kila oda ukaitengea mzigo.

Na si hivyo tu. Kwa kuwa soda zote zilikuwa zimeshatengwa kwa Lundo, maduka mengine yalikuwa yanajibiwa "hakuna". Kigonsera kulikuwa na Mzee Haule, mwenye duka aliyeahidi kupeleka vinywaji kwenye harusi kesho yake. Naye amejibiwa hakuna.

Nikapanda kwenye ule mwamba nimpigie mama. Sikuwaza soda wala kazi. Nilikuwa nawaza kile kiti na namna alivyoteleza siku ile.

Nikamweleza yote, sikuficha. Nilipomaliza nikauliza, "Mama, upo?"

"Nipo. Hizo soda zipo?"

"Zipo mama."

"Zimevunjika?"

"Hapana."

"Basi huo ni mzigo uliopotea njia, siyo msiba. Huku juu niachie mimi. Huko chini shaurianeni na Mbele, mnitafutie wa kunywa."

Baadaye ndipo nilipojua alichofanya huku juu. Alijifunga khanga akaenda mwenyewe kwa wakala mwenzake hapo mjini, mtu ambaye miaka yote walikuwa wanasalimiana kwa mbali. Akamwomba amwazime kreti za soda kwa ajili ya harusi ya Kigonsera. Yule baba akampa, tena akatoa na gari lake. Harusi ikanywa.

Kule chini, Mbele alikuwa ameshavua koti.

Mama yake mzazi ni mtu wa ziwani, kwa hiyo Kinyasa anakiongea kama maji. Akamwambia dereva, "Tusigeuze. Twende mbele kijiji kwa kijiji mpaka Lipingo."

Mimi nikasema, "Kaka, huko wengi hawapo kwenye mfumo."

"Ndiyo maana tunaenda."

Wakuu, siku ile nilijifunza biashara. Kila kijiji Mbele anashuka, anasalimia wazee kwanza, anauliza habari za samaki, habari za mihogo, ndipo anataja soda. Watu wakawa wanatoka na kreti zao tupu za kubadilishia, nyingine zimeota vumbi mpaka huwezi kusoma maandishi.

Nikamuuliza mama mmoja mwenye duka, "Kwa nini hamkuwa mnaagiza kwetu?"

Akanitazama kama vile nimemtania.

"Nilikuwa naagiza! Nilipiga mpaka nikachoka. Kila nikipiga, simu inatumika. Nikasema basi, Mbinga wana watu wao."

Nikaisajili namba yake palepale. Miaka yote Mama Kapinga alikuwa anadhani anawajua wateja wake wote. Aliokuwa anawajua ni wale waliobahatika kukuta simu haitumiki.

Jua likielekea kuzama upande wa Malawi, lori lilikuwa limejaa kreti tupu na Mbele ameketi juu yake anatafuna dagaa wa kukaanga aliopewa na mama zake wadogo. Soda zilikuwa zimeisha. Niliwasajili wenye maduka mpaka simu yangu ikazima.

Nikarudi nikarekebisha mfumo. Sasa ukiagiza mara ya pili kabla mzigo wako haujafika, unaulizwa kwanza kama ni oda mpya. Na oda yoyote kubwa kuliko kawaida ya duka haipakiwi mpaka mtu ampigie mwenye duka, wasikilizane kwa sauti.

Kazi hiyo ya kupiga simu alipewa Mbele. Na zilipozidi oda za ziwani, mama akakodi stoo ndogo Mbamba Bay, Mbele akaenda kuisimamia na wenzake wawili. Huku juu ikabidi tuajiri wengine wa kushika nafasi zao.

Yule wa Songea alipiga tena. Mama akamjibu kwa upole kwamba sasa hivi yeye ndiye anayetafuta ghala la kununua. Mwanawe wa Dodoma, aliyekuwa mkali kuliko wote, sasa ananisumbua mimi nimwekee mfumo kwenye simu yake aone oda zikiingia.

Sitaki mdhani kila kitu ni asali. Umeme ukikatika tunahangaika. Kreti tupu bado hesabu yake inanitoa jasho. Na kuna wazee wa Kigonsera waliokataa kabisa kutuma meseji, kwa sababu wanataka kumjulia hali mama. Tumewaachia simu moja. Mama anaipokea mwenyewe, akiwa amekaa kivulini, na presha yake daktari anasema imetulia.

Nilichojifunza: mashine itakusaidia kusikia watu wengi kwa mpigo, lakini kuelewa walichomaanisha bado ni kazi ya mtu. Na kama unaleta mfumo sehemu yenye wafanyakazi, lile swali la Mbele lijibiwe na mwenye mali, hadharani, kabla hujawasha kompyuta.

Wenye uzoefu wa kuhesabu kreti tupu, nahitaji shule yenu. Wanaotaka kukosoa, kosoeni.

Ila kuna jambo la haraka zaidi. Leo asubuhi imeingia oda kutoka kijiji cha ziwani ambako lori letu halijawahi kufika. Nikampigia Mbele kumuuliza barabara ikoje.

Akacheka. "Barabara hakuna dada, lakini wana boti. Wajibu kwamba tunakuja."

Nimeshawajibu. Kwa hiyo kama kuna mtu humu aliwahi kusafirisha kreti za chupa kwa boti bila kuvunja, namsubiri hapa chini.