Nilichokiona Kabla Hajazikwa

Miaka michache baada ya Vita vya Pili nilikuwa dresa wa zahanati ndogo kule Nyakasimbi. Nilisafisha vidonda, nikagawa kwinini, nikaandika wagonjwa daftarini. Maiti hazikuwa kazi yangu. Lakini asubuhi moja mkungu, yaani mkuu wa kijiji, alinijia akihema, akasema kuna mwanamke amejinyonga nyumbani kwa mumewe na hakuna ndugu anayekubali kumgusa.

Kwetu aliyejinyonga alikuwa mkosi. Haoshwi, haliliwi, na kaburi lake huchimbwa nje ya kibanja ili asiiharibu migomba.

"Wewe ni mtu wa serikali," mkungu aliniambia. "Hayo hayakuhusu."

Mwanamke mwenyewe nilimfahamu. Mwezi uliopita nilimfunga mkono uliovunjika, akasema ameteleza mtoni. Nilimkuta ananing'inia kwenye boriti ya chumba cha ndani. Mumewe alikuwa amekaa uani, amejifunika shuka, akirudia kwamba alilala kwa rafiki, akarudi alfajiri na kumkuta hivyo.

Niliikata kamba, nikamlaza mkekani. Nikaona si vizuri azikwe na kitanzi, basi nikalifungua fundo la shingoni, na kamba nikaitupa jikoni motoni.

Gauni lake lilikuwa limechanika nyuma. Nilipomgeuza kulifunga, nikauona mgongo. Alikuwa mweupe wa rangi, na mgongo wote ulikuwa umeiva zambarau, ilhali nyayo na vidole vya miguu vilikuwa vimepauka kabisa. Nilipokuwa nikifundishwa kazi hospitali ya Bukoba, niliwahi kuwabeba waliofia kitandani. Damu ya maiti hushuka ikatuama upande wa chini. Mtu aliyekufa akining'inia, ingetuama miguuni. Huyu alikuwa amekufa amelala chali, akakaa hivyo saa nyingi, ndipo akatundikwa.

Nililijua hilo palepale. Mkungu alikuwa mlangoni akiniharakisha, na mume alikuwa ndugu yake. Nikanyamaza. Alizikwa kabla ya adhuhuri, bila hata mtu kulia.

Siku ya nne alikuja inspekta wa polisi pamoja na daktari Mzungu kutoka Bukoba. Nyuma yao alitembea mama wa marehemu. Alikuwa amekwenda kwa miguu hadi bomani, akakataa kuondoka mpaka asikilizwe. Neno lake lilikuwa moja: mkono wa mwanawe ulikuwa bado haujaunga, angeifungaje kamba juu ya boriti?

Kaburi lilifukuliwa. Niliitwa nimsaidie daktari, na harufu ya siku ile sitaieleza. Aliichunguza shingo, akanionyesha mfupa mdogo wa kooni uliokuwa umevunjika, kisha akatikisa kichwa.

"Huu peke yake hautoshi, hata kitanzi huuvunja," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Na mgongo huu mweusi hausemi kitu. Alizikwa chali. Mume atasema damu imetuama humo kaburini."

Inspekta akanigeukia. "Kamba iko wapi?"

"Niliichoma, bwana."

"Na fundo?"

"Nililifungua."

Alitoa daftari lake. "Kamba hukatwa mbali na fundo," alisema. "Fundo lingetuambia limefungwa na nani. Umetuchomea shahidi."

Mama alikuwa amesimama hatua chache, ameziba pua kwa khanga, macho yake yako kwangu. Nikashindwa kuvumilia.

"Mgongo niliuona kabla hajazikwa," nikasema. "Ulikuwa hivi hivi. Na miguu ilikuwa myeupe."

Daktari aliacha kunawa mikono. Akaniuliza maswali mengi, saa ngapi, mwanga ulitoka wapi, nilimlaza vipi, na yote inspekta akayaandika, nami nikatia sahihi.

Mahakamani Bukoba wakili wa mume alinishika kwa lile fundo mpaka nikatokwa jasho. Lakini lile la mgongo hakuweza kuliondoa. Rafiki aliyetajwa naye alikana kumlaza mtuhumiwa kwake usiku ule. Siku ya tatu mume alikiri kwamba alimkaba wakigombana, akakaa naye mpaka alfajiri, ndipo akamtundika. Alifungwa kwa kuua bila kukusudia, miaka michache tu, akarudi na kuoa tena.

Baada ya hukumu mama aliomba mwili, akauzika upya katika kibanja chake huko Kaisho. Matanga yalikuwa ya siku nne, watu wakalia kwa sauti. Nami nilikwenda. Nilimkuta amekaa chini kwenye majani ya mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dakitari." Akauliza, "Wewe ulijua tangu siku ile ya kwanza?"

"Nilijua, mama."

"Ukamwacha mwanangu atupwe kama mbwa."

Aliugeuza uso wake kwa wanawake wenzake, akaendelea kulia. Nilikaa upande wa wanaume hadi siku ya mwisho, na hakuna aliyenisemesha.