Siku Nilipomkataza Nekesa Chai

Wakwe zangu wa Bumula wanakikumbuka kisa hiki kuliko mimi, kwa hivyo afadhali nikiseme mwenyewe kabla hamjakisikia kwa mtu mwingine. Mimi, Wanjala, mwanamume wa miaka ishirini na saba, kidato cha nne nimemaliza na bayolojia nikapasi (chekeni tu), nilijiletea aibu mpaka mlangoni kwangu kwa sababu sikujua mwili wa mwanamke unafanya kazi vipi, na badala ya kuuliza nikajifanya najua.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Nilikuwa karani katika stoo ya mbegu za mahindi pale Kitale, na Nekesa, ambaye tulikuwa tumefunga ndoa kanisani kwao mwezi wa Agosti, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikodi chumba kimoja kwenye ploti, ukuta ni mbao, na upande wa pili alikaa Mama Njeri, mama mkubwa wa kuuza mboga sokoni, mtu mzuri sana ila masikio yake bana! Kabla ya harusi mchungaji alitufundisha Jumamosi tatu mambo ya kusali pamoja na kuvumiliana, lakini ya chumbani aliyaruka kama mtu anayeruka mtaro, ati hayo mtajionea wenyewe.

Basi tukajionea. Jumamosi moja mchana, mvua inapiga mabati, tulikuwa tumejilaza tunacheka, nikambusu, nikampapasa bila haraka, na nikagundua majimaji huko chini kwake, mengi, mpaka shuka ikalowa. Yeye alikuwa amefumba macho, ananiita jina langu polepole, na mimi badala ya kuitika nikawa tayari ni daktari kichwani. Nikajiambia: maskini, mke wangu anashindwa kuzuia mkojo, na bado msichana hivi.

Jumatatu nikamuuliza mwenzangu wa stoo kwa kuzungukazunguka (nikasema ni shida ya rafiki yangu), naye akanijibu kama profesa, ati mwanamke mzuri ni mkavu, ukiona maji jua kuna ugonjwa. Huyo jamaa hakuwa hata na mchumba, lakini nilimwamini.

Nikapiga hesabu: Nekesa anapenda chai. Asubuhi kikombe cha bati kile kikubwa, saa kumi kingine, jioni viwili. Nikaona dawa ni hapo.

"Nekesa, hii chai imezidi. Kikombe kimoja asubuhi kinatosha."

"Kwani majani yameisha?"

"Hayajaisha. Ni mambo ya afya tu."

Na kwa vile sikumwamini, nikawa nabeba thamosi kwenda nayo kazini. Nikanunua pia karatasi ya nailoni nikaitandika chini ya shuka, nikamwambia ni kwa sababu mabati yanavuja (ilikuwa ikilia kila tukijigeuza kama mtu anatembea juu ya maganda ya mahindi). Kisha nikafanya lile ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso. Kila tulipoanza kushikana, nikisikia ule unyevu, nilikuwa naacha na kumwambia, "Hebu nenda choo kwanza." Choo kilikuwa mwisho wa ploti. Aliinuka, akajifunga leso, akapita kwenye mvua, na akirudi uso wake ulikuwa umebadilika. Baada ya wiki mbili alianza kulala akiangalia ukuta.

Mimi nikafikiri dawa inafanya kazi.

Kumbe Nekesa alikuwa anakunywa chai yake kwa Mama Njeri, na tena alikuwa amemwandikia barua Senge Robai, shangazi yake, mkunga wa miaka mingi kule Bungoma. Aliandika habari ya chai tu. Ile nyingine kalamu ilikataa.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nakuta Senge kwenye kiti changu, na kando yake Baba Mdogo Makokha, ndugu ya baba mkwe, amevaa suti na kofia. Mezani wameweka pakiti mbili za majani ya chai na mfuko wa sukari. Mlango uko wazi, na Mama Njeri ameingia na vikombe ambavyo hakuna mtu alimwitisha.

"Mkwe wetu," Baba Mdogo akaanza, "sisi hatukukuja kugombana, tulikuja kuuliza. Kama ni shida, sema, tutasaidia. Lakini mtoto wetu kunyimwa chai? Chai?"

Ningeweza kusema nimekosa, yakaisha. Lakini nilipoona wananichukulia kuwa mchoyo mbele ya jirani, damu ilinipanda. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mimi si mchoyo! Nilikuwa namsaidia. Nekesa anakojoa kitandani!"

Vikombe vya Mama Njeri viligongana. Nekesa aliniangalia, akachukua mkoba wake akatoka. Nikamsikia upande wa pili wa mbao akilia, na ndipo nikajua kwamba nimeharibu kitu ambacho sukari haitatengeneza.

Senge hakuinuka. "Anakojoa akiwa amelala?"

"Hapana, Senge."

"Sasa ni lini?"

Nikaangalia sakafu. "Tukiwa... tukishikana."

Alicheka mpaka akapangusa macho na leso, kisha kicheko kikakatika na nikaona amekasirika kabisa.

"Baba," akaniuliza, "ukisikia harufu ya nyama choma, mdomo wako unafanya nini?"

"Unajaa mate."

"Kuna mtu amewahi kukunyima maji kwa sababu hiyo?"

Akanieleza pale pale, bila kushusha sauti. Mwanamke akisisimka damu inakimbilia sehemu zake, kuta za uke zinatoa majimaji, na tezi ndogo pale mlangoni zinaongeza yake, ili mambo yawe laini na asiumie. Mwingine hutoa kidogo, mwingine hulowesha shuka, na huyo huyo leo ana mengi, kesho machache. Wengine wakifika kileleni hutoa maji ya ghafla, na hiyo pia si ugonjwa. "Ugonjwa utaujua. Harufu mbaya, kuwashwa, usaha, maumivu. Hapo mnaenda hospitali wote wawili. Na usifanye maji kuwa kipimo, umenisikia? Anaweza kuwa mkavu na anakutaka, anaweza kulowa na hataki. Mdomo wake ndio utakwambia."

Baba Mdogo, ambaye muda wote alikuwa akikagua mabati, akakohoa. "Kwa hivyo... si ugonjwa?"

"Si ugonjwa, Makokha."

"Miaka thelathini ya ndoa," akasema polepole, akachukua kofia yake, akaenda kusimama peke yake kando ya ua. Sijawahi kumuuliza alikuwa anafikiria nini.

Waliondoka na Nekesa. Senge aliniambia nimwache siku tatu, nami nikahesabu zote. Nilipofika Bumula, mama mkwe (ambaye kwa desturi yetu hatukutani uso kwa uso) aliniona njiani akajifunika leso na kujitupa kwenye migomba, na jinsi majani yalivyotikisika nilijua hajifichi kwa heshima peke yake, anacheka. Alikuwa ameambiwa. Boma zima lilikuwa limeambiwa.

Nekesa alikuwa uani anachagua maharagwe. Nikakaa chini kando yake.

"Nisamehe."

"Ulinituma choo kwenye mvua."

"Najua."

"Nilidhani mwili wangu unakuchukiza. Nikaanza kujikaza nisisikie chochote."

"Niliogopa unaumwa."

"Mbona hukuniuliza?"

Nikaokota haragwe lililoanguka chini. Akachagua maharagwe kidogo, kisha akasema bila kuniangalia, "Hata mimi sikujua ni nini. Hakuna mtu aliniambia. Nilijua tu inakuja nikifurahi na wewe."

Hapo nililia, bana, mchana, uani kwa wakwe.

Alikubali kurudi, kwa sharti moja: niende kwa Mama Njeri nikaseme kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mke wangu hana shida yoyote. Nikasimama mlangoni pake nikiwa nimeshika kofia, wapangaji wawili wanafua hapo karibu, nikasema. Mama Njeri alinitazama kwa huruma. "Nimezaa sita. Ulifikiri sijui?"

Leo nina watoto wangu, na kila kijana wa ukoo akikaribia kuoa namweka kando namweleza yote, hata akiona haya, kwa maana mimi hakuna aliyeniambia. Na nafsi yangu niliiapia siku ile kwenye maharagwe: jambo lolote la mwili wa Nekesa, namuuliza Nekesa.