Nusu ya Kirago

Juzi nilialikwa kwenye semina ya kuokoa mabonde, hotelini Dodoma. Walikuwa wametupambia ukumbi kwa mafunjo, na maji ya vyombo hayakuwa yamebadilishwa. Wenzangu waliziba pua. Mimi, niliyefika na makala ndefu kuhusu mimea hiyo hiyo, nilishindwa kuisoma. Ilikuwa harufu ya uani kwa bibi yangu, kijijini Makere.

Bibi alishona virago, mikeka ya mafunjo, pamoja na Mama Nestori, jirani yetu aliyekimbia vita Burundi. Kila mmoja alishona nusu yake, kisha wakaketi kuziunga. Kimoja hakikuwa cha kuuza: atakayetangulia kufa angezikwa nacho. Basi wakawa wanasukumiana kaburi. "Nusu yako imepinda kama barabara ya Manyovu," Mama Nestori alimwambia bibi. "Utafika mbinguni na shingo upande." Bibi akamjibu asijisumbue, maana atakayelala humo ni yeye Mama Nestori.

Kabla hawajaunga kirago hicho, likaja gari la kukusanya wakimbizi waliokaa vijijini na kuwapeleka kambini Mtabila. Mama Nestori alipanda na nusu yake begani, akisema atarudi waunge. Kambini hakuruhusiwa kutoka. Baadaye tukasikia watu wa kule wamerudishwa kwao.

Mafunjo hushonwa yakiwa na unyevu. Bibi alinipa kazi ya kunyunyizia maji fungu la mafunjo ya kuungia zile nusu kila asubuhi, ili mwenzake akirudi asikute yamekauka. Yakawa meusi, yakanuka. Kwa elimu yangu ya darasa la nne nikamfundisha bibi kwamba yakilowa mno huoza.

"Nyunyiza," akasema.

Yalipooza alinituma bondeni kukata mengine, tena na tena, mpaka bonde likalimwa kabichi na hapakubaki cha kukata.

Alipougua nilikuwa chuo kikuu. Nikamwahidi, nikidhani namfariji, kwamba tutamlaza kwenye nusu yake. Akakataa. "Mwenzangu akija ataunga na nini?"

Tulimzika na mkeka wa plastiki wa dukani Kasulu, wenye picha ya tausi.

Utotoni niliamini bibi hajui kuwa mafunjo huoza. Alijua, na alijua Mama Nestori harudi. Aliogopa tu asubuhi isiyo na cha kunyunyizia. Mama Nestori, kama yu hai, haoni tena tundu la sindano. Nusu ya bibi iko nyuma ya kabati langu, panya wameanza pembeni. Kila nikihama nyumba naihamisha, na sijui namwekea nani.