Kisanduku cha Dawa cha Dada

Aliyetaka kumsifu fundi yule alisema ana mkono mwepesi. Aliyetaka kumsengenya alisema ana mdomo mzito. Yote mawili yalikuwa kweli. Alikuwa mtu mzima, hana mke, amepanga chumba kimoja juu ya duka la rangi, na kutwa nzima alikaa karakanani akiandika programu za vifaa vidogo vya umeme. Kumtoa salamu ilikuwa kazi. Kumtoa neno baada ya salamu, hiyo ilikuwa kazi ya watu wawili.

Ndugu aliyembakia ni mmoja tu, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada aliishi peke yake mji mwingine, na alikuwa na ugonjwa wa presha. Dawa alitakiwa kunywa asubuhi na jioni, saa zile zile, naye alikuwa akisahau. Mtu mwingine angehamia karibu naye, au angalau angempigia simu. Fundi wetu alimtengenezea kisanduku.

Kilikuwa kisanduku cha maana, tusimnyime haki yake. Ndani kulikuwa na kompyuta ndogo kama ukucha, isiyoweza kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kazi ilipewa zamu yake na cheo chake. Kuangalia kama kitufe kimebonyezwa ilikuwa kazi ya kila mara, tena yenye cheo cha juu. Ikija, nyingine zote zinapisha. Kuonyesha saa kwenye kioo kulisubiri. Kupima betri kulisubiri zaidi, kama mgeni asiyealikwa. Na kazi moja ililala nusu siku nzima, ikiamka inaita kwa sauti ya fundi mwenyewe: "Dada, dawa." Ingeita na kuita mpaka kitufe kibonyezwe, kisha ilale tena.

Miezi ikapita. Siku moja muuguzi, jirani wa dada, akapiga simu.

"Kaka, presha ya dada yako imepanda vibaya. Hicho kisanduku chako kinamwamsha usiku wa manane, na dawa ya asubuhi siku hizi anainywa mchana. Nimemwambia akitupe, hataki. Eti mdogo wake anajua anachofanya. Kirekebishe, la sivyo nitakitupa mimi kabla hajaanguka."

Fundi alikuwa na kisanduku pacha karakanani. Akakiweka mezani, kikaita kwa saa yake. Kesho yake, vilevile. Na kila kilipoita, mwenzake wa meza ya pili alikirukia kitufe. "Zima hiyo kelele, bwana, watu tunafanya kazi!" Kosa halikuonekana. Ikabidi akubali kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, akafunga begi lake.

Dada alimpokea kwa furaha, kisha akamgombeza kwa kukonda. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, usafi wa mtu asiye na wa kumchafulia. Meza ilikuwa na viti vinne, lakini ni kimoja tu kilichowekewa mto, na kisanduku kilikaa mbele ya kiti hicho.

Mchana kikaita. "Dada, dawa."

Dada hakunyanyua mkono.

"Dada, dawa."

"Naam, mdogo wangu," dada alikijibu kisanduku. "Bomba la jikoni limeanza tena kuvuja. Fundi aliahidi kuja, akapotea."

"Dada, dawa."

"Nimesikia, baba. Na hili goti nalo, tangu juzi halinipi amani."

Kikaita, naye akajibu, mpaka chai aliyommiminia mdogo wake ikapoa. Ndipo akabonyeza kitufe na kumeza kidonge.

Fundi alishika kichwa. Kosa alikuwa ameliona, tena kosa la mwanafunzi. Aliiagiza ile kazi ilale nusu siku baada ya kumaliza, badala ya kuiagiza iamke saa fulani, liwalo na liwe. Dada akichelewa kubonyeza, usingizi unaanza kuhesabiwa kuanzia hapo, na saa ya dawa inasogea mbele. Karakanani jambo hilo lisingeonekana kamwe, maana kule hakuna aliyekuwa na hamu ya kuisikiliza sauti yake.

"Dada, kwa nini hukizimi mapema?"

"Nikikizima kinanyamaza," alisema dada. "Halafu nibaki na nani?"

Fundi aliona aibu. Alitoa kompyuta yake, akabadilisha mistari michache pale pale mezani, akakipa kisanduku saa zisizosogea, moja ya asubuhi na moja ya jioni.

"Sasa hata ukichelewa kukizima, saa ya dawa itabaki pale pale. Lakini usichelewe mno."

"Kwa hiyo naweza kuongea nacho kidogo?"

"Kidogo."

Jioni ile fundi alijaribu kuongea na dada yeye mwenyewe. Aliuliza habari za goti, dada akajibu. Akauliza habari za bomba, dada akajibu. Kisha maneno yakamwishia, wakabaki wanatazama kitambaa cha meza kama abiria wawili wasiojuana.

Asubuhi aliwahi kuamka. Alimimina maji kwenye bilauri, akaweka kidonge kwenye kisosi, akampelekea dada pale mezani. Alikuwa ameazimia kwamba leo atasema mwenyewe.

"Dada, dawa."

Dada hakuipokea bilauri.

"Subiri kwanza," alimwambia kwa upole, macho yake kwenye kisanduku. "Bado hajaniita."