Vidonge vya Walii

Nilirudi Mombasa na stashahada ya lishe, niliyoisomea ughaibuni huku nikiosha vyombo hotelini, pamoja na sanduku zima la virutubisho: vitamini B, magnesi, mafuta ya samaki, manjano ndani ya vidonge. Nyumba yetu ya Mji wa Kale niliiezeka upya kwa jasho langu, na sanduku lile nililipandisha ngazi mwenyewe, nikikataa kupokewa. Nilipofika juu, diski moja ya uti wa mgongo, pale kiunoni, ikachomoza na kubana neva. Maumivu yakateremka kutoka takoni hadi kisiginoni kama waya wa moto.

Daktari alinipa mazoezi, akasema virutubisho ni vya kusaidia tu. Nikamwambia hilo nalijua, nina stashahada.

Kusimama niliweza, na kulala niliweza. Kilichonishinda ni kukaa, kitini au chini. Na dadangu mdogo alikuwa anaolewa Ijumaa, msikitini Bondeni. Baba alishafariki, kwa hiyo walii wake ni mimi, wa kumshika bwana harusi mkono na kutamka maneno ya kuoza. Kwetu jambo hilo hufanywa mmekaa chini, magoti kwa magoti.

"Nipe mimi uwakili," ami yangu alisema. "Wewe simama nyuma na chupa zako."

"Ami, siku hiyo nitakaa."

"Kwa manjano? Manjano nimekula tangu utoto, na mgongo wangu ndio huu."

"Hukuyala kwa kipimo."

Dadangu alinijia faraghani. "Kaka, nioze wewe. Ami huniita kwa jina la mkewe. Ataniharibia ndoa, na yake pia."

Basi nikameza kwa bidii. Mazoezi niliyafanya bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kifudifudi kwenye nyasi, nikiinua kifua kama kasa. Muuza mihogo akaniuliza nimeangusha nini.

Ijumaa, mbele ya sheikh na bwana harusi, nilianza kushuka. Goti moja likafika kwenye zulia. La pili likakataa katikati. Nikasikia ami akikohoa na kusogea mbele. Hapo nikajiachia, nikalala ubavu, na maumivu yakanyamaza.

"Unaumwa?" sheikh aliuliza.

"Nikilala hivi siumwi, sheikh. Tuendelee."

Sheikh akatafakari. "Mgonjwa huswali amelala. Kutamka atashindwaje?"

"Na mkono ataushikaje?" ami akauliza.

Bwana harusi, na joho lake jipya, akavua kilemba, akalala kunielekea. "Shemeji, nipe mkono."

"Basi leteni na mito," ami akasema.

Nikamuoza dadangu kwa jina lake na la baba, kwa sauti iliyofika mlangoni. Bwana harusi akakubali. Watu wakala haluwa, nami nikaletewa kahawa pale pale chini. Mpaka leo sijasikia walii mwingine wa mji huu aliyeoza kwa namna hiyo.

Nyumbani, dadangu alimpangusa mumewe nyuzi za zulia kwenye ubavu wa joho. Kisha akaziona zile zile kwenye kanzu yangu.

"Ami hakutamka?"

"Hakupata nafasi."

Akanimiminia maji, akaniletea chupa ya mafuta ya samaki.