Mutazame Anavyolegeza Bulon

Siku ile naikumbuka vizuri, mujukuu wangu, sababu mawese yangu ilinunuliwa ndoo nzima na hakuna mutu aliyeipikia kitu.

Hapa Rumonge, karibu na ziwa, walikuwa wanasimamisha nyumba ya etaji nyingi, ghorofa juu ya ghorofa, na mimi nauza mafuta ya mawese pembeni. Katikati yake iko nguzo ya chuma, ndiyo uti wa mgongo, nyumba yote inaiegemea. Haiji nzima. Kipande cha kwanza kinasimama kwenye musingi, cha pili kinapandishwa juu yake, wanaviunganisha na bulon, zile skrubu nene kama kidole gumba. Lakini bulon kwanza wanazishikiza kwa mukono tu. Wanapima kama nguzo iko wima, halafu ndio wanakaza kwa nguvu. Haraka haraka haina baraka, na chuma hakijui kusamehe.

Fundi kijana, Hamisi, alikuwa ananiposa. Wajomba zake walikuwa wanakuja jioni ile ile kuchukua jibu. Shangazi yangu, anayesemea puani, alinibana toka asubuhi: "Weee Zena! Kijana wa mbio hivi, utakula mukeke, samaki mutamu wa ziwa, kila siku!" Mimi nilikuwa bado sijaamua.

Mbio alikuwa nazo kweli. Alikaza vipande vitatu bila kupima, ati upepo wa ziwa unayumbisha filaplo, kile kijiwe cha chuma cha kupimia wima, kinachoning'inia kwenye kamba. Muzee Bakari, mukubwa wa mafundi, akaja na kikohozi chake. "Binti, khe, leta, khe khe, mawese."

Akatumbukiza kijiwe ndani ya ndoo yangu. Mawese iko nzito, ikakishika. Kamba ikatulia tuli. Kumbe nguzo imeinama! Toka kamba mpaka nguzo, chini ni upana wa ukucha, juu ni kiganja kizima.

"Hamisi, umekaza uongo," muzee akasema. "Na watu watakuja kulala chini yake."

Mafundi wakacheka. Mwenzangu wa pembeni, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, akanitania: "Zena, bwana ako atakujengea nyumba ya kulala upande!"

Nikamutazama Hamisi. Wanaume nawajua: mumoja angelaumu upepo, mwingine angelaumu chuma, wa tatu angetupa ufunguo wa kukazia bulon aende Bugarama kulima mihogo. Yeye alisema, "Muzee, ni mimi." Basi. Akapanda, akalegeza bulon moja moja, juu mpaka chini, jua linamuchoma, wenzake wanamuzomea. Wakaivuta nguzo na kamba za waya mpaka ikanyooka, ndipo akakaza tena. Beto, ile zege ya kuizungushia, ilikuja nyuma.

Jioni wajomba waliponiuliza, nilisema ndiyo. Shangazi akafurahi, akidhani nimekubali sababu ya ule mukeke. Huyo Hamisi ndiye babu yako, anakoroma chumbani kama boti ya Kabonga inayokataa kuwaka.

Sasa wewe unakuja na sauti ya asali: "Bibi, kijana wangu wa Gitaza anayeniposa iko muchapakazi sanaaa!" Sawa, nimesikia. Kukaza kila mutu anajua, mwanangu. Usimupe jibu bado. Ngoja siku akosee mbele za watu, umutazame anavyolegeza. Asiyeweza kufungua alichofunga vibaya, maisha yako usimukabidhi. Na yeye akutazame hivyo hivyo, maana na wewe kichwa chako kigumu.

Mungu akupe mwenye kusema "ni mimi" bila kuvutwa ulimi, na wewe akulainishie ulimi wako. Nenda na amahoro, nenda na amani.