Mchezo wa Baba

Nyumbani Chanika baba alikuwa na mchezo wake: ananipokonya kitabu ninachosoma, anakimbia nacho, namfukuza huku napiga kelele, "Mwizi!" Siku tuliyokwenda Keko kununua kabati la vitabu vyake, akanichezea hivyohivyo barabarani. Nami, mjinga wa miaka kumi na miwili, nikapiga kelele ileile. Mafundi seremala wakatupa randa zao, wakamvamia kwa mbao. Nililia, "Ni baba yangu!" Washenzi wale walipiga tu, hakuna hata mmoja aliyeuliza kaiba nini.

Alipona, ila macho hayakuona tena. Mpaka anakufa nilimsomea mie. Mara nyingine alinipokonya kitabu, akakikumbatia akicheka, akisubiri nipige kelele. Sikuthubutu.